Kubadilisha Shokapu za Nyuma za Gari la Mtumba: Mwongozo kwa Wenye Magari wa Ukanda wa Ruvu

Shokapu ni kifaa cha gari kinachotuliza mchezo wa springi, ili tairi linapopita juu ya tuta au linapotumbukia shimoni lisiendelee kudunda, bali lirudi chini na kubaki limeishika barabara. Maelezo haya ni mafupi, lakini yamebeba jambo ambalo wenye magari wengi hulipita bila kulitazama, nalo ndilo msingi wa mwongozo huu: shokapu haibebi uzito wa gari wala wa mzigo. Uzito hubebwa na springi, na shokapu huja baada ya hapo kuizuia springi isicheze kupita kiasi. Kwa hiyo anayenunua shokapu ngumu kwa matumaini kwamba zitainua gari lililokaa chini kwa nyuma ananunua dawa ya ugonjwa mwingine, na anayeendelea kutembelea shokapu zilizokufa kwa hoja kwamba kazi yake ni starehe tu anahatarisha maisha ya abiria wake, kwa sababu tairi lililo hewani haliwezi kufunga breki wala kukata kona.

Wilaya za Kibaha na Kisarawe, katika ukanda huu wa Ruvu, huzijaribu shokapu kwa namna mbili tofauti. Katika Barabara ya Morogoro, kuanzia Kibaha hadi Mlandizi na kuendelea kuelekea Chalinze, lami ipo, lakini mwenye gari hukutana na matuta, na rasta, yaani vile vijituta vidogo vinavyofuatana ili kumpunguzia dereva mwendo, na pia mifereji iliyochimbwa juu ya lami na matairi ya malori mazito yatokayo Bandari ya Dar es Salaam. Nje ya lami, kama vile katika vipande vya udongo vya barabara ya Makofia hadi Maneromango kupitia Mlandizi, au katika njia za vijijini zinazoingia Mzenga, Msanga na Soga, kiangazi huacha mikunjo midogo iliyopangana kama bati la paa, na masika, ambayo kwa kawaida huanza Machi na kuisha Mei, huugeuza udongo wa bondeni kuwa tope zito linaloganda kwenye ekseli na kukaa hapo kwa majuma likilisha kutu.

Kati ya hayo yote, mikunjo ya kiangazi ndiyo adui mkubwa wa shokapu kuliko shimo, ingawa shimo ndilo linalolalamikiwa. Gari likiingia shimoni, shokapu hujibana mara moja, hujivuta, kisha hupumzika. Kwenye mikunjo hucheza mara nyingi katika kila sekunde, kilometa baada ya kilometa, bila nafasi ya kupoa, na joto linalojikusanya ndani yake ndilo huiua.

Namna shokapu inavyofanya kazi

Ndani ya shokapu mna silinda iliyojaa mafuta, na ndani ya silinda mna pistoni iliyofungwa kwenye mwisho wa fimbo ya chuma inayong'aa. Fimbo hiyo imeshikwa na mwili wa gari kwa juu, na silinda imeshikwa na ekseli kwa chini, hivyo kila ekseli inapopanda au kushuka pistoni hulazimika kupita katikati ya mafuta. Mafuta hayana njia nyingine ila matundu madogo yenye vali, yaani vilango vinavyofunguka kwa kiasi kilichopimwa, na upinzani wa mafuta katika vilango hivyo ndio unaoigeuza nguvu ya mtikisiko kuwa joto. Joto nalo hutoka nje kupitia ukuta wa silinda. Mafuta yakichemka kupita kiasi huwa mepesi, huchanganyika na hewa na kutoa povu, na pistoni inayopita katika povu haikutani na upinzani wowote wa maana. Hali hiyo ndiyo humfanya dereva aone gari likianza kupepesuka kwa nyuma baada ya mwendo mrefu kwenye changarawe, na kurudi kawaida baada ya kuegeshwa kivulini kwa muda.

Ili kuzuia povu, watengenezaji wengi huweka ndani ya shokapu gesi ya naitrojeni yenye mgandamizo, ambayo huyabana mafuta yasitoe mapovu. Shokapu za gesi zipo za aina mbili kuu. Aina ya kwanza ina mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine: pistoni hucheza katika mrija wa ndani, na mrija wa nje huhifadhi mafuta ya ziada pamoja na gesi ya mgandamizo mdogo. Aina ya pili ina mrija mmoja tu, na gesi ya mgandamizo mkubwa imetengwa na mafuta kwa pistoni ya ziada inayoelea. Aina hii ilibuniwa na mhandisi wa Kifaransa Christian Bourcier de Carbon, na kampuni ya Kijerumani ya Bilstein ikaanza kuitengeneza kwa ajili ya magari ya Mercedes-Benz katika miaka ya 1950. Mrija mmoja hupoa haraka zaidi, kwa kuwa mafuta yamegusana moja kwa moja na ukuta unaopigwa na upepo, lakini ukuta huohuo ndio pistoni inamopita, hivyo jiwe likiurukia na kuubonyeza shokapu hukwama na huo ndio mwisho wake. Mirija miwili hustahimili mabonyeo madogo. Kwa gari la familia linaloshinda katika njia za changarawe za Kisarawe, na ambalo halikimbizwi, mirija miwili yenye gesi ni chaguo linalotosha na ambalo bei yake kwa kawaida ni nafuu.

Dalili za shokapu iliyokufa

Jaribio linalojulikana zaidi ni la kuliegemea gari kwenye kona ya bampa la nyuma, kulibonyeza mara kadhaa na kuliachia: lenye shokapu nzima hupanda, hushuka kidogo na kutulia, na lenye shokapu mbovu huendelea kunesa. Jaribio hili hufaa kwa gari dogo. Kwa gari la juu, yaani lile lenye tumbo lililoinuka kutoka ardhini na springi nene, nguvu za mtu mmoja mara nyingi hazitoshi kuifanya springi icheze vya kutosha, na gari lenye shokapu zilizochoka nusu linaweza kulishinda jaribio hilo bila taabu.

Ushahidi bora uko chini ya gari. Mkaguzi aitazame silinda baada ya kuipangusa vumbi: unyevu mwembamba karibu na fimbo ni jambo la kawaida, kwa kuwa fimbo hutoka na utando wa mafuta kila inapocheza, lakini mafuta yanayotiririka hadi chini na kushika vumbi likawa tope jeusi ni dalili kwamba sili, yaani mpira unaozuia mafuta yasitoke, umekatika. Kisha apitishe kiganja juu ya uso wa tairi la nyuma; tairi lililolika kwa mawimbi, hapa pamebonyea na pale pameinuka, limekuwa likidunda badala ya kubingirika. Hatimaye azitazame bushi, ambazo ni mipira inayokaa kati ya chuma cha shokapu na chuma cha gari. Bushi iliyopasuka hugonga, na mlio wake kwenye rasta humfanya mwenye gari aamini kwamba shokapu imekufa wakati kilichokufa ni mpira wa bei ndogo.

Katika magari yaliyoagizwa Japani yakiwa yametumika, namba ya kilometa kwenye dashibodi haipaswi kuaminiwa kuliko macho. Licha ya kwamba namba hiyo huweza kurudishwa nyuma, mpira huzeeka kwa miaka hata gari likiwa limesimama, na magari yaliyotoka sehemu zenye theluji hutembea kwenye barabara zinazonyunyiziwa chumvi ili kuyeyusha barafu, chumvi ambayo huanza kuzila bolti za chini miaka mingi kabla gari halijateremshwa bandarini.

Kulijua gari kabla ya kununua

Si kila gari la juu lina shokapu za nyuma zinazoweza kubadilishwa nyumbani. Nissan X-Trail ya kwanza, inayotambulika kwa msimbo wa T30, pamoja na Toyota Harrier za mwanzo, zina mfumo ambamo springi imevikwa juu ya shokapu na vyote viwili hutoka pamoja vikiwa kipande kimoja. Kuvitenganisha kunahitaji kifaa cha kuibana springi, na springi iliyobanwa ikichomoka ina nguvu ya kuvunja mkono au kuua. Mwenye gari la aina hiyo anaweza kusoma mwongozo huu ili aelewe anachofanyiwa, lakini kazi ya kutenganisha amwachie fundi mwenye kifaa hicho, na asikubali fundi anayeibana springi kwa waya au kamba.

Toyota Land Cruiser Prado za kizazi cha J90, zilizotengenezwa tangu 1996 hadi 2002, na za J120 zilizozifuata hadi 2009, zina mpangilio rahisi zaidi kwa nyuma. Ekseli yake ni nzima, yaani bomba moja la chuma linalounganisha magurudumu yote mawili, springi ya koili imekaa peke yake, na shokapu imesimama peke yake kando. Suzuki Escudo iliyotoka kati ya 1998 na 2005 ina mpangilio unaofanana na huo. Maelezo ya kazi yanayofuata yameilenga Prado, na yanafaa kwa gari lolote ambalo springi na shokapu zake za nyuma zimetengana.

Kuna tahadhari moja kwa wenye Prado. Baadhi ya zile zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani zina mfumo uitwao TEMS, ambao humwezesha dereva kubadili ugumu wa shokapu kwa kitufe, na shokapu zake zina mota ndogo na waya kwa juu. Nyingine za J120 za daraja la juu hazina springi za koili kwa nyuma bali mifuko ya hewa. Mwenye gari aingize kichwa kwenye madigadi na kutazama kabla ya kwenda dukani. Shokapu ya kawaida inaweza kufungwa mahali pa ile ya TEMS ikiwa urefu na vishikio vinalingana, lakini kitufe kitabaki pambo, na waya wa zamani lazima ufungwe vizuri usije ukasagwa na ekseli.

Ununuzi

Duka la spea, liwe la Mlandizi, la Kibaha Maili Moja au la mitaa ya Gerezani kule Kariakoo, haliwezi kutoa shokapu sahihi kwa kuambiwa tu kwamba gari ni Prado. Kinachotakiwa ni msimbo wa modeli ulioandikwa kwenye kibao cha chuma ndani ya sehemu ya injini, kama vile KZJ95 au TRJ120, pamoja na namba ya chasisi na mwaka. Herufi za mwanzo hutaja injini, na tarakimu hutaja umbo: katika kizazi cha J90, KZJ95 ni gari la milango mitano na KZJ90 ni lile fupi la milango mitatu. Ni busara zaidi kwenda dukani na shokapu ya zamani mkononi, kama gari linaweza kuachwa nyumbani, ili urefu ulinganishwe kwa macho, ikiwa imebanwa na ikiwa imevutwa.

Urefu ni jambo la kufa na kupona. Shokapu iliyo fupi mno hufika mwisho wake kabla ya ekseli kufika mwisho wa safari yake, na kila shimo hugeuka nyundo inayoipigilia sili. Iliyo ndefu mno hubanwa hadi chini kabisa gari linapobeba mzigo, na hapo pistoni hugonga sakafu ya silinda. Shokapu ndefu zimetengenezwa kwa magari yaliyoinuliwa kwa springi ndefu, na hazina kazi katika gari ambalo halijaguswa.

Kuhusu chapa, KYB ya Japani, ambayo jina lake la asili ni Kayaba, ni miongoni mwa kampuni zinazoviuzia viwanda vya magari vyenyewe, na shokapu zake za gesi hurudisha gari karibu na lilivyotoka kiwandani. Monroe inafahamika kwa muda mrefu, na Old Man Emu ya Australia imeelekezwa zaidi kwa magari ya porini yenye mizigo. Tatizo la soko ni bidhaa bandia, kwa sababu chapa inayosifiwa ndiyo inayoigwa. Boksi lenye herufi zilizokosewa, rangi iliyofifia, namba ya bidhaa iliyo kwenye boksi lakini haipo kwenye silinda, au shokapu mbili za pea moja zinazorudi kwa mwendo tofauti zikibonyezwa, ni sababu tosha za kuondoka dukani. Risiti yenye namba ya bidhaa idaiwe hata kama muuzaji anafahamika, kwa kuwa bila risiti hakuna msingi wa kurudisha.

Shokapu za mtumba zilizong'olewa kwenye magari ya Japani hazifai kununuliwa kwa bei yoyote. Injini ya mtumba inaweza kusikilizwa na gia ya mtumba inaweza kujaribiwa. Shokapu ya mtumba huficha uchakavu wake ndani, na mnunuzi hulipa mara mbili, kwanza kwa shokapu na kisha kwa matairi. Vilevile shokapu hununuliwa na kufungwa kwa pea, upande wa kulia na wa kushoto kwa pamoja, kwa sababu gari lenye upande mmoja mgumu na mwingine laini huvutwa upande linapofunga breki kwa ghafla.

Kazi yenyewe

Kazi huanza siku mbili au tatu kabla, kwa kuzisafisha bolti kwa brashi ya waya na kuzipulizia mafuta ya kulegeza kutu, jioni na asubuhi. Subira hii huokoa zaidi kuliko spana yoyote. Bolti iliyolazimishwa ikiwa kavu hukatika, na kishikio chake kwenye ekseli hakiwezi kubadilishwa ila kwa kuchomelea.

Vifaa vinavyohitajika ni seti ya spana za ringi na za boksi kuanzia namba 12 hadi 19, jeki imara, stendi mbili za chuma, vigingi vya kuzuia magurudumu, nyundo, na ikiwezekana spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Stendi ni miguu ya chuma inayoshika gari baada ya jeki kulinyanyua, kwa kuwa jeki ni ya kunyanyulia tu na haikuumbwa kulishikilia gari huku mtu akiwa chini yake. Katika gereji bubu nyingi, matofali na mawe hutumika badala ya stendi. Tofali la saruji hubeba uzito mkubwa likiwa limekaa vizuri, lakini hupasuka ghafla bila kutoa ishara linapolemewa upande mmoja, na aliye chini ya gari hana muda wa kutoka. Jambo hili halina mjadala: asiye na stendi asiingie chini ya gari lililonyanyuliwa.

Ardhi nayo ina maneno yake. Kwenye kichanga cha Kibaha jeki huzama upande mmoja, hivyo ubao mpana na mnene uwekwe chini yake na chini ya kila stendi, na kazi ifanyike mahali pa tambarare. Vigingi viwekwe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, na hapa kuna sababu ambayo wengi hawaijui. Katika Prado breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma peke yake, kwa hiyo magurudumu hayo yakinyanyuliwa breki ya mkono haishiki tena chochote kilicho ardhini. Gia ya kuegeshea nayo haitoshi, kwa kuwa katika gari linaloendeshwa na magurudumu yote wakati wote kuna difu ya katikati, ambayo huyaruhusu magurudumu ya mbele kuzunguka peke yake wakati ya nyuma yako hewani. Vigingi ndivyo vinavyolizuia gari.

Gari likiwa limenyanyuliwa, stendi huwekwa chini ya chasisi, yaani ule uti wa chuma unaobeba mwili wa gari, na jeki huhamishiwa chini ya ekseli ili kuishikilia. Matairi ya nyuma hutolewa ili kupata nafasi ya mikono. Ekseli isiachwe ikining'inia, kwa sababu shokapu ndiyo iliyokuwa ikiizuia isishuke kupita kiasi. Ikishuka, mpira wa breki huvutika, waya za vihisio vya magurudumu hukatika, na springi inaweza kutoka mahali pake. Kwa sababu hiyohiyo upande mmoja humalizwa kabisa kabla ya kuugusa wa pili.

Nati ya juu hufunguliwa kwanza. Iko kwenye ncha ya fimbo, juu ya sahani ya chuma na bushi ya mpira, na usumbufu wake ni kwamba fimbo huzunguka pamoja nayo. Ncha ya fimbo ina sehemu iliyobapwa ili ishikwe kwa spana ndogo huku nati ikizungushwa kwa nyingine. Ikiwa sehemu hiyo imeliwa na kutu na shokapu inatupwa, si kosa kuishika fimbo ya zamani kwa plaizi. Fimbo ya shokapu mpya isiguswe kwa plaizi kamwe, kwa kuwa mkwaruzo mmoja mdogo utakata sili kila fimbo inapopita. Kisha hufuata bolti au nati ya chini. Jicho la shokapu likiwa limeshikana na kishikio kwa kutu, hugongwa kwa nyundo kutoka nyuma, kidogokidogo, huku mafuta yakiongezwa.

Shokapu mpya isifungwe moja kwa moja kutoka kwenye boksi. Ile ya mirija miwili, ikiwa imelala dukani kwa miezi, huwa na hewa au gesi iliyopenya kwenye mrija wa ndani, na hutolewa kwa kuisimamisha wima, fimbo ikiwa juu, kisha kuibonyeza hadi chini na kuivuta hadi juu mara nne au tano, mpaka mkono usisikie tena nafasi tupu katikati ya mwendo. Nyingi huja zikiwa zimefungwa mkanda unaoibana fimbo. Mkanda huo ukikatwa, gesi huisukuma fimbo itoke yenyewe kwa nguvu, kwa hiyo uso na vidole viwe mbali.

Mpangilio wa bushi za juu ndio unaokosewa mara nyingi zaidi. Juu ya fimbo huingia sahani ya chuma, kisha bushi, kisha huja bati la mwili wa gari, kisha bushi ya pili, sahani ya pili na nati. Upande wa sahani uliobonyea huielekea bushi ili kuikumbatia, na ikigeuzwa makali yake huukata mpira ndani ya miezi michache. Nati ya juu hukazwa mpaka bushi ianze kutanuka na kukaribia upana wa sahani, si zaidi. Mpira uliobanwa ukawa bapa hauna tena nafasi ya kunesa, na mtikisiko wote huhamia kwenye fimbo na bati. Kwa kawaida nati hii ndogo hutakiwa kukazwa kwa nguvu pungufu mno kuliko bolti ya chini, na kiasi kamili kimeandikwa katika kitabu cha ufundi cha gari husika kwa kipimo cha Nyutoni-mita, yaani nguvu ya mkono ikizidishwa kwa urefu wa mpini wa spana.

Kwa upande wa chini, jeki iliyo chini ya ekseli hupandishwa au kushushwa taratibu mpaka jicho la shokapu likutane na kishikio chake. Bolti huingizwa kwa vidole, ikiwa imepakwa grisi kidogo, na kukazwa nusu tu. Ukazaji wa mwisho hufanywa baada ya matairi kurudishwa na gari kukaa ardhini kwa uzito wake, kwa sababu mpira ulio ndani ya jicho hushikwa katika mkao uliokuwapo wakati bolti ilipokazwa: ukikazwa ekseli ikiwa chini, mpira hubaki umepindika gari linaposimama kawaida, na hupasuka mapema. Fundi asiyejua hili hufanya kazi nzuri kwa kila kitu kingine, kisha mteja hurudi baada ya masika akilalamikia mlio.

Baada ya kufunga

Safari ya kwanza iwe fupi na ya polepole, ikihusisha lami na kipande cha changarawe, kisha mwenye gari atazame tena chini: kama kuna mafuta, kama kuna chuma kinachogusana na chuma, kama mpira wa breki umekaa ulivyokuwa. Bolti zote zikaguliwe tena baada ya kilometa mia chache, pamoja na nati za matairi. Ugumu kidogo katika siku za mwanzo si kasoro, kwa kuwa dereva alikwisha kuzoea ulaini wa shokapu zilizokufa.

Ikiwa gari bado limelala kwa nyuma, hasa likiwa na magunia ya mahindi, mihogo au saruji, kosa halimo katika shokapu mpya. Springi imechoka, au mzigo umezidi kiwango kilichowekwa na kiwanda, na tiba ni kubadili springi au kupunguza mzigo. Kwenye barabara yenye mikunjo, shokapu nzuri hudumu kwa dereva anayepunguza mwendo na kusimama mara moja moja ili zipoe. Zisimwagiwe maji zikiwa za moto.

Shokapu za zamani zisitupwe motoni wala zisikatwe kwa msumeno wa umeme na asiyejua kilichomo, kwa kuwa gesi iliyobaki ndani inaweza kulipuka, na mnunuzi wa vyuma chakavu aambiwe hivyo kabla ya kukabidhiwa. Mafuta yake yasimwagwe kwenye mfereji. Mtambo wa Ruvu Juu ulioko Mlandizi una uwezo wa kusafisha lita milioni 196 za maji kwa siku, na maji hayo, yanayotoka Mto Ruvu, ndiyo yanayonywewa Kibaha na baadhi ya sehemu za Dar es Salaam; kwa hiyo mwenye gari akusanye mafuta hayo katika dumu lenye mfuniko na kuyapeleka kwenye gereji inayohifadhi oili chafu.